Vocha ya Mkulima

Mpira wa maji ulikuwa umeganda tena. Brigitte alilijua hilo tangu jana yake, ndiyo maana jioni alijaza ndoo sita akazifunika kwa magunia. Sasa, kabla jua halijavuka mabati ya mabanda ya farasi, alikuwa akipita tuta kwa tuta akinyunyizia majani maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Jalidi ilikuwa imeanguka usiku. Majani ya spinachi yalisimama magumu kama karatasi, kingo zake nyeupe. Jua likiyakuta bado yana barafu, yanageuka meusi kabla ya saa nne, na jani jeusi hakuna anayelinunua.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2020. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya glavu za sufu zilizolowa. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, dakika arobaini, barakoa ikiwa imelowa kwa pumzi yake mwenyewe, maana teksi zilikuwa zimepandisha nauli na yeye alikuwa akiitunza nauli hiyo kwa mbegu.

Matuta kumi na mawili yalikuwa yake. Manane ya upande wa ukuta yalikuwa ya Inès. Miaka sita iliyopita mahali hapo palikuwa jaa: matofali yaliyovunjika, chupa, viatu vya chuma vya farasi vilivyoliwa na kutu. Brigitte aliokota vyote hivyo kwa mkono, akajaza toroli baada ya toroli, kisha akaanza kubeba samadi kutoka kwenye mabanda. Majira mawili ya baridi yalipita kabla udongo haujawa mweusi. Alizaliwa Uvira, Kongo, mama yake alilima bonde la Ruzizi, na udongo ni kitu alichojua kukisubiri. Kiangazi aliuza lengalenga, mchicha wa kwao, kwa Wakongo wa mtaa wa Rosettenville. Baridi ikija aliuza spinachi, kabichi na vitunguu. Hivyo ndivyo alivyolipa chumba na ada ya Arlène, binti yake.

Kisha ugonjwa ukaja, nchi ikafungwa. Wiki tatu nzima hakuruhusiwa kufika shambani. Aliporudi, kabichi zilikuwa zimepasuka na spinachi zimetoa maua. Mwezi Juni jalidi ikachukua nusu ya zilizobaki.

Inès alifika saa mbili kasoro, mtoto wake Kevin mgongoni, kitambaa cha Manchester United kimezungushwa juu ya blanketi. Alikuwa Mrundi wa Rumonge, hajafika miaka thelathini. Mume wake, Régis, alikuwa mlinzi kwenye jengo la ofisi kule Sandton mpaka ofisi zilipofungwa, na tangu Machi hakuitwa tena kazini.

"Mwaramutse, Mama Arlène. Papa Chris ameshafika?"

"Bado. Alisema saa tatu. Mgeni mwenyewe wa serikali anakuja saa nne."

Inès alimshusha mtoto juu ya gunia kavu, akachukua kopo la pili. Walinyunyizia tuta moja zima. Kisha Inès akasema, bila kuinua macho, "Régis anasema neti ya kuzuia jalidi ni ile nyeupe, nzito. Unafunika jioni, unafunua asubuhi. Jalidi haipiti."

"Ninaijua."

"Tungekuwa nayo Juni tusingepoteza zile zote."

"Ninajua, Inès."

Chris alikuja saa tatu na nusu kwa Toyota yake ya kijivu, akaiegesha nje ya lango ili isipate vumbi. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye duka la simu na nyumba mbili za kupangisha La Rochelle. Yeye ndiye aliyekodi kiwanja hicho kutoka kwa mzee mwenye mabanda, akawapangisha wanawake hao wawili kwa malipo ya kila mwezi. Miaka ishirini na mbili ndani ya Johannesburg ilikuwa imempa kitu ambacho wengi wao hawakuwa nacho: kitambulisho cha uraia, chenye tarakimu zake kumi na tatu.

Hakuwa mtu mbaya wa kila siku. Aprili, polisi na wanajeshi walipokuwa wakiwarudisha watu kwenye kila robot, taa za barabarani, yeye ndiye aliyewaandikia barua yenye mhuri kwamba ni wafanyakazi wa shamba lake, ili waweze kupita. Aliwapelekea mkate na unga pia, mara mbili. Brigitte hakuyasahau hayo, na Chris hakuyasahau pia.

"Mama Arlène, Mama Kevin, habari za asubuhi," alisema. Alivaa koti zuri na viatu vya ngozi vya kahawia. "Sikieni vizuri. Huyu mama wa serikali anakuja kuhakikisha. Vocha ni ya wakulima wadogo walioumizwa na korona. Mbegu, mbolea, neti, vyote kwenye duka walilolichagua wao. Maombi nimepeleka kwa jina langu kwa sababu mwenye namba ya kitambulisho ni mimi. Akiwauliza, nyinyi mnanifanyia kazi. Ni hivyo tu."

"Na kodi tunayokulipa?" Brigitte aliuliza.

"Hiyo hatutaizungumza."

"Miaka sita, Papa Chris."

"Mama Arlène." Aliweka mikono mfukoni. "Aprili, pale kwenye robot, ulikuwa mfanyakazi wangu au hukuwa? Uliitoa ile barua, polisi akakuacha ukapita. Leo ni barua ileile. Bila namba yangu hakuna neti, si yangu wala yako. Mimi nimesema tutagawana. Nimesema au sijasema?"

"Umesema," Inès alijibu haraka.

Chris akaanza kutembea katikati ya matuta, akiuliza hiki kinaitwaje na kile kilipandwa lini. Inès alimjibu akimfuata nyuma. Aliyarudia majibu kwa sauti ya chini kama mtoto anayesubiri mtihani: kabichi, Aprili mwishoni, vitunguu, miche, Jumamosi iliyopita.

Afisa ugani alifika saa nne na robo. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, ametundika kitambulisho cha kazi shingoni, kishikwambi mkononi, macho mekundu juu ya barakoa. Aliwapulizia wote dawa mikononi. Alisema jina lake ni Refilwe, na kwamba shamba hili lilikuwa la nne asubuhi hiyo na alibakiwa na matano. Walizungumza Kiingereza: cha Chris cha biashara, cha Brigitte cha kuokoteza, cha Refilwe cha shule.

Alianza na Chris. Ukubwa wa eneo. Chanzo cha maji. Hasara tangu Machi. Chris alijibu vizuri, maana hayo aliyaandika kwenye maombi. Kisha Refilwe akainama kwenye tuta la spinachi, akageuza jani, akaonyesha madoa ya kahawia yenye mzingo mwekundu.

"Haya unayatibu kwa nini?"

Chris alitazama jani. "Hiyo ni... ni jalidi."

"Jalidi haifanyi hivi."

Chris alimtazama Brigitte. Refilwe naye akayafuata macho yake.

"Ni ukungu," Brigitte alisema. "Tunatoa majani ya chini na kuyachoma. Hatumwagilii jioni kwenye tuta hilo. Dawa ipo, lakini ni ghali."

"Na hapa kabla ya spinachi palikuwa na nini?"

"Maharage. Nilitaka udongo upumzike."

Refilwe alisimama, akafuta magoti. Alisema angependa kuzungumza na wafanyakazi bila mwajiri kuwepo, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Chris alisema sharp, hakuna shida, akaenda kusimama karibu na lango, simu sikioni.

Walikaa juu ya matofali nyuma ya tangi la maji, umbali wa mita moja na nusu. Jua sasa lilikuwa limefika huko, na majani yalikuwa yakidondosha maji.

"Mama," Refilwe alisema. "Hapa analima nani?"

Brigitte alimtazama Inès, aliyekuwa amempakata mtoto na kumnyonyesha akiwa amegeukia ukuta. Alijua kile alichoombwa kusema. Usiku alikuwa amekifanyia mazoezi kitandani, kwa Kiingereza, ili maneno yasikwame. Lakini msichana huyu alikuwa amemuuliza kuhusu maharage. Katika miaka sita hakuna mtu aliyewahi kumuuliza palikuwa na nini kabla.

"Mimi," alisema. "Matuta haya kumi na mawili. Yale manane ni ya huyu dada. Tunamlipa yule bwana kila mwezi kwa ajili ya ardhi. Yeye halimi."

Inès aligeuka. Mtoto aliachia ziwa akaanza kulia.

Refilwe hakuonyesha mshangao. Aliuliza, "Una karatasi?"

Brigitte alitoa mfuko wa plastiki kifuani, akafungua karatasi ya ukimbizi iliyokunjwa mara nne. Tarehe iliyochapwa ilikuwa imepita Mei, lakini serikali ilitangaza kwamba karatasi zote zimeongezwa muda kwa sababu ofisi zimefungwa. Refilwe alisema hilo analijua. Aliweka kishikwambi gotini, akaanza kuandika namba iliyokuwa juu ya karatasi. Namba hiyo ilianza kwa herufi. Kisanduku hakikuzikubali. Alijaribu kuanza na tarakimu peke yake. Zikawa chache, kisanduku kikawa chekundu. Akaongeza sifuri mbele. Kikabaki chekundu.

"Eish," alisema polepole.

"Piga simu ofisini," Brigitte alisema. "Wao watakuambia."

"Nimepiga wiki jana. Kulikuwa na mama mmoja wa Zimbabwe, vivyo hivyo." Alivuta barakoa akapumua. "Mama, ngoja nikueleze. Nikiandika ulichoniambia, kwamba huyu bwana halimi, ombi lake linafungwa. Lako siwezi kulifungua. Kwenye mfumo shamba hili litakuwa halina mkulima."

"Lakini unaniona."

"Ninakuona."

"Umeona mikono yangu."

"Nimeiona, mama. Mimi sina uamuzi. Mimi ninajaza." Akatazama saa yake, akaona aibu kwamba ameitazama. "Kuna ukurasa wa wafanyakazi. Pale hawataki namba, ni jina na sahihi tu. Wakikuta shamba lina wafanyakazi wawili wanawake, linapata alama zaidi. Hilo ndilo ninaloweza. Niandike nini?"

Brigitte aliomba angojewe kidogo. Alikwenda kwa Inès, wakasimama karibu, wakasema Kiswahili.

"Kwa nini umemwambia?" Inès alinong'ona. "Tulikubaliana."

"Aliniuliza."

"Mama Arlène, mwenye nyumba ametupa muda wa kulipa mpaka mwisho wa mwezi. Nikipoteza na mboga hizi zilizobaki, tunalala wapi? Andika sisi ni wafanyakazi. Andika tu. Wewe una Arlène, mkubwa. Mimi nina huyu."

Mtoto alikuwa amenyamaza, akichezea kifungo cha sweta la Brigitte. Brigitte alimwondoa mkono taratibu. Alitazama matuta yake, akahesabu kichwani usiku wa baridi uliobaki mpaka Septemba. Ulikuwa mwingi.

Alirudi kwenye matofali. "Andika mfanyakazi," alisema.

Refilwe aliandika. Aliuliza aina ya kazi, na kwa kuwa orodha ilikuwa na majibu matatu tu, akachagua kibarua. Akamwita Chris ili ajaze mshahara. Chris alisema randi elfu mbili kwa mwezi kila mmoja, bila kumeza mate. Brigitte alisogezewa kishikwambi, akatia sahihi kwa kidole kwamba amezipokea tangu Januari. Kidole kilikuwa na udongo, kioo hakikukisoma. Refilwe alikifuta kwa kitambaa chenye dawa, akamshika mkono kama muuguzi, na sahihi ikatoka mara ya pili.

"Sasa picha, tumalize," Refilwe alisema. "Mkulima akiwa kazini."

Chris alivua koti, akalitundika kwenye uzio, akakunja mikono ya shati. Akamjia Brigitte, aliyekuwa amesharudi kwenye tuta lake.

"Mama Arlène, niazime jembe."

Lilikuwa jembe la mpini mfupi, alilolinunua mwaka wa kwanza kwa fundi wa Kimalawi. Brigitte hakulitoa.

"Jembe siazimi," alisema.

Chris alicheka kidogo kwa ajili ya mgeni. "Ni picha tu. Dakika moja."

"Ninajua ni picha."

Alisogea, akateremsha sauti. "Usinitie haya mbele ya mtu wa serikali. Nimewafanyia nini kibaya?"

"Nimesema ulilotaka. Nimetia sahihi pesa ambazo sijaziona. Jembe nina kazi nalo."

Akainama akaanza kupalilia. Tuta hilo halikuwa na magugu. Alikuwa amelipalilia Jumatatu. Alijua kwamba lolote ambalo Chris angefanya mwisho wa mwezi, kupandisha kodi au kumwambia afungashe, lingeanzia hapa. Hata hivyo aliendelea kupiga udongo, polepole, akigeuza kila bonge.

Chris alimgeukia Inès. "Lako liko wapi?"

Inès alimfunga mtoto mgongoni, akakaza kitambaa. Jembe lake lilikuwa kwenye nyasi nyuma ya tangi, zima, alikuwa amelinoa siku mbili zilizopita.

"Limevunjika mpini," alisema.

Hakumtazama Brigitte aliposema hivyo.

Refilwe alikuwa amesimama muda wote huo na kishikwambi juu. Kama alielewa, hakuonyesha. "Si lazima jembe, bwana," alisema. "Simama tu katikati ya mboga. Hapo. Rudi nyuma kidogo, mwanga. Kidogo tena. Sawa."

Picha ikapigwa. Kwenye kioo kikatokea alama ya kijani. Mfumo ulikuwa umeikubali: mwanaume wa shati jeupe, mikono mitupu, nyuma yake kabichi. Refilwe aliaga kila mmoja kwa kiwiko. Alipofika kwa Brigitte alisimama kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akasema tu kwamba yale majani yenye ukungu ayachome mbali na matuta. Brigitte alisema ndivyo anavyofanya.

Chris alivaa koti lake. "Tutaongea, Mama Arlène," alisema, akaenda kwenye gari.

Mchana walikata mafungu ya spinachi zilizopona. Inès alisukuma toroli, Brigitte akabeba gunia kichwani, wakauza kwenye kona ya La Rochelle mpaka saa kumi na moja, wakiangalia magari ya polisi wa jiji. Walipoachana, Inès alisema, "Mpaka kesho," na Brigitte akasema, "Mpaka kesho."

Chumbani, Arlène alikuwa ameketi kitandani na vitabu, shule ikiwa imefungwa tena. Alikuwa na miaka kumi na tano. Kiswahili alikielewa chote, lakini alijibu kwa Kiingereza, na Brigitte alikuwa amechoka kulipigania hilo. Walikula ugali na kabichi. Kabla sahani hazijatolewa, simu ya mama yake ilianza kulia mfululizo.

"Ni kundi la kanisa la WhatsApp," Arlène alisema. Alisoma, akakunja uso. "Wanampongeza Papa Chris. Wanasema ni mkulima wetu. Wanasema serikali imemtambua kwa kulisha familia arobaini wakati wa korona. Kuna picha." Aligeuza simu. "Mama, lakini hii ni garden yako."

Brigitte alifuta mikono akaichukua. Chris mwenyewe ndiye aliyeituma. Labda alimwomba yule msichana nakala kabla hajaondoka. Chini yake kulikuwa na mikono ya kupiga makofi, safu kwa safu, na ujumbe wa Mchungaji Firmin akimwita mfano kwa vijana. Mtu mmoja aliuliza mboga zinapatikana wapi, na Chris akaweka namba ya duka lake.

"Sema kitu," Arlène alisema. "Waambie. Nikuandikie?"

Brigitte aliikuza picha kwa vidole viwili, kama binti yake alivyomfundisha. Hakutazama uso. Alishuka mpaka chini, kwenye viatu vya kahawia, akasimama hapo muda mrefu. Rudi nyuma kidogo, yule msichana alisema, kidogo tena. Viatu vilikuwa ndani ya tuta la vitunguu, lile alilopandikiza Jumamosi, miche myembamba kama uzi, na pande zote za viatu ilikuwa imelala chini.

"Mama?"

"Niamshe saa kumi," alisema, akarudisha simu.

Asubuhi jalidi ilikuwa nzito kuliko siku zote. Alimaliza kunyunyizia spinachi kwanza, kwa sababu hizo zisingesubiri, kisha akapiga magoti kwenye tuta la vitunguu. Alama za soli zilikuwa zimeganda ngumu kama saruji. Alimimina maji kidogo ndani yake, akangoja udongo ulegee, akaanza kuinua mche mmoja mmoja kwa ncha ya kidole na kuushindilia udongo shingoni. Uliovunjika aliuweka kando. Uliopinda aliusimamisha. Jua lilikuwa limefika kwenye ukuta Inès alipoingia langoni na mtoto mgongoni, akasogea, akasimama juu yake.

"Nani amekanyaga hapa?"

"Mkulima," Brigitte alisema.

Inès hakucheka. Alimshusha mtoto juu ya gunia, akazunguka upande wa pili wa tuta, akapiga magoti, akaanza na mche ulio karibu naye.